Nilivyomnywea Shosho Chai

Mpaka leo, nikisikia harufu ya maziwa yaliyofurika na kuungulia jikoni, mimi huuliza kwanza choo kiko wapi. Ni chai, wenzangu. Mimi na chai tuna yetu.

Shosho yangu, mama mzazi wa baba, alikuwa afisa wa ustawi wa jamii. Alizunguka Thika na Ruiru kwa miguu, begi kwapani, akiingia nyumba za watu wenye shida, na kila alikoingia aliwekewa chai yenye sukari ya kusimamisha kijiko. Daktari alikuwa amemkataza sukari. Lakini kwetu chai haikataliwi. "Ukikataa chai ya mtu," alikuwa akisema, "umemkataa mwenyewe."

Basi akapata dawa: mimi. Kwa desturi yetu Wakikuyu nilipewa jina lake, Nyambura, na mtoto aliyepewa jina la nyanya yake ndiye nyanya huyo. Hata baba yangu mzazi aliniita "mami". Kwa hiyo shule zikifungwa Shosho alinibeba kazini, na kikombe kikija alinisukumia bila haya. "Huyu ni mimi. Akinywa yeye, nimekunywa." Hakuna aliyebisha. Nikiwa na miaka minane, nilikuwa tumbo la serikali.

Ijumaa moja tulikuwa tumeshapita nyumba nne tulipofika Mwihoko, kwa Mzee Karanja, muuza makaa. Macho yake yalikuwa yamefifia, akamtoa shule mjukuu wake Wanjiku ampimie wateja makaa. Shule zilikuwa zinafunguliwa Jumatatu. Maafisa wawili walikuwa wameshafukuzwa pale.

"Wale walikataa chai yangu," mzee alinguruma, akinimiminia kikombe cha bati kikubwa kama sufuria. "Mtu hanywi chai yangu, halafu anipangie nyumba yangu?"

Woi! Nilimtazama Shosho. Nilimtazama Wanjiku, amesimama mlangoni na vidole vyeusi kwa makaa, haangalii mtu ila kikombe changu. Hata mimi nilielewa: nisipomaliza, harudi darasani. Nikanywa. Nikafika nusu. Nikaomba choo. Choo cha ploti, cha wapangaji wote, kilikuwa na kufuli, na mwenye ufunguo alikuwa ameenda sokoni. Nikarudi, nikabana miguu, nikanywa tena.

Tone la mwisho lilipoingia, mengine yote yalitoka. Kwenye kiti cha mzee, juu ya kitambaa kilichoshonwa maua.

Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Shosho alikuwa amekuja na majuto yake ameyashika mkono.

Mzee akainamia kiti, akagusa, akainuka taratibu. "Mama Ustawi," akasema, "si ulisema huyu ni wewe?"

"Ndiye mimi."

"Basi umekojoa kwenye kiti changu!"

Shosho akakunja mikono mapajani. "Ni kweli, baba. Nisamehe. Ni uzee."

Mzee alicheka mpaka akashika ukuta. Nami nililia kwa aibu. Wanjiku akaingia ndani, akarudi na nguo pekee aliyokuwa nayo ya kunibadilisha: sketi yake ya shule, imefuliwa, marinda yamepigwa pasi, tayari kwa Jumatatu. Mzee akayapapasa yale marinda kwa vidole. Kicheko kikamwisha.

"Utairudisha lini?" akauliza.

"Jumatatu asubuhi," Shosho akajibu. "Kwenye lango la shule. Nitampa Wanjiku mwenyewe mkononi."

Mzee akakivua kiti kile kitambaa cha maua. "Basi usichelewe," akasema.

Kwa miaka mingi niliamini siku ile nilimharibia Shosho kazi, na kwamba sketi ndiyo iliyomwokoa. Nilipokuwa mtu mzima ndipo nilipoelewa. Mzee mwenye kiburi hawezi kushuka peke yake mbele ya watu. Shosho alitangulia kushuka, akaichukua aibu yangu na kuivaa yeye, mwanamke aliyeheshimiwa kuanzia Thika hadi Githurai. Na kila mara mzee aliposimulia kwamba Mama Ustawi alimkojolea kiti, Shosho alikubali kwa kutikisa kichwa. Hakusema hata siku moja kwamba aliyekojoa alikuwa mtoto.