Siku Nilipoponya Mguu Usiouma

Kuna wazee wachache upande ule wa Geita ambao mpaka leo wakiniona barabarani huniita Nabii, na mimi hujifanya sikusikia, nageuza uso kama mtu anayetafuta duka, naongeza mwendo. Hawana nia mbaya. Wanataka tu kunisalimia na kucheka kidogo. Lakini aibu ile haijapoa, na kwa kuwa nyie mmeniganda tangu mchana niwasimulie, nitasimulia mara hii moja, na anayetaka kucheka acheke sasa ili tusikatizane mbele.

Ilikuwa miaka ile ya hamsini, Uhuru bado, nami nilikuwa nyumbani Shinyanga likizo kutoka chuo kikuu kule Kampala. Mnanijua nilivyo sasa. Basi mchukueni huyu mumzidishe. Nilikuwa nahoji kila kitu. Nilimwuliza mchungaji wetu kama Nuhu aliwapakia na mbung'o kwenye safina, na kama aliwapakia, kwa sababu gani hasa (akanijibu kwamba kuna watu husomeshwa mpaka wanaharibika). Niliamini hospitali, niliamini hadubini, na zaidi ya vyote niliamini akili yangu mwenyewe, ambayo wakati huo ilikuwa haijawahi kuniangusha, au ilikuwa imeniangusha ila sikutazama chini.

Basi mtu wa namna hiyo akaenda kumpenda Leah. Leah alikuwa mwalimu katika shule ya misheni pale Shinyanga, lakini kwao ni Geita, kijiji kimoja upande wa kwenda Nkome, na baba yake alikuwa mwinjilisti, kiongozi wa kundi la watu waliookoka ambao waliitana ndugu na walikuwa na imani kwamba Mungu husema na mtu moja kwa moja, na huponya mgonjwa akiombewa. Nilipotaka kumtuma mshenga, kama ilivyo desturi, Baba Leah akarudisha salamu kwamba mshenga asubiri. Kwanza nije mwenyewe nikae naye siku chache, tule pamoja, tusali pamoja. Bila ndiyo ya mzee yule hakuna harusi. Leah aliniambia hivyo kituoni akinisindikiza, na hakuwa anatania. Akaniambia na jambo la pili. "Watakaa kimya wamsikilize Mungu, halafu watakuuliza umesikia nini. Usiposikia kitu, sema hujasikia."

Ushauri wenyewe ndio huo tu. Ningeufuata, jioni hii tungekuwa tunazungumza habari za bei ya pamba.

Nikapanda treni mpaka Mwanza, nikavuka maji, nikamalizia na lori lililobeba mapipa ya dizeli ya mgodini, nikafika nimepakwa vumbi mpaka kwenye kope. Baba Leah akanipokea vizuri mno. Alikuwa mtu mrefu, mpole, aliyewahi kuchimba dhahabu chini ya ardhi mpaka kifua kikamharibika, akaombewa, akapona. Alinisimulia hayo kabla sijamaliza maji ya kunywa, nami nikashindwa kujizuia, nikamwuliza alijuaje kwamba ni maombi na si kule kuacha kazi ya mgodini. Mama Leah akasimamisha mwiko hewani. Mzee akafikiri. "Sijui," akasema. "Niliyafanya yote mawili."

Jibu hilo lilinivuruga kuliko kama angekasirika.

Kesho yake alasiri ndugu wakakusanyika barazani. Wakaimba, wakasoma, wakaomba, kisha wakanyamaza. Jamani, kimya kile. Nilikuwa nimezoea maktaba, lakini maktaba mtu hukohoa. Pale hata kuku walionekana wameonywa. Nami badala ya kusikiliza nilikuwa natazama kwa jicho moja, najiuliza wanasikia kwa sikio lipi, na mtu anatofautishaje sauti ya Mungu na njaa. Halafu wakaanza kusema, mmoja mmoja. Mama Leah alikuwa amesikia aende akapatane na jirani yake juu ya kuku aliyekula mtama. Akaondoka palepale. Ndugu mwingine alikuwa amesikia arudishe jembe la shemeji yake, naye akainuka, akalichukua ukutani, akaenda. Ndivyo ilivyokuwa kanuni yao: lililosikiwa linatendwa saa ileile, halilali.

Zamu ikafika kwangu. Nyuso zote zikanigeukia kwa upendo mkubwa, na uso wa Baba Leah ulikuwa mbele kabisa, na mimi nikamwona Leah akilini, nikaiona harusi, nikaona kwamba kila mtu amepata neno lake isipokuwa msomi kutoka Kampala. Nikafanya hesabu ya haraka kichwani. Kijiji gani katika nchi hii hakina mtu anayeumwa mguu? Neno la namna hiyo halina hasara, nikaona, ni kama kusema kuna mtu anaitwa Masanja.

"Nimesikia," nikasema, "kuna mtu anaumwa mguu."

Pakawa na mguno wa furaha. "Masanja," akasema Baba Leah, akasimama. (Nawaapia ndilo jina alilotaja.) "Twende."

Sikujua kwamba tunakwenda. Nilidhani litaandikwa mahali. Tukafuatana njiani tukiimba, mimi mbele kama ng'ombe wa mahari, na kila nyumba tuliyopita ilitoa watu, mpaka tunafika kwa Mzee Masanja tulikuwa msafara.

Sasa ni lazima niwaeleze habari za matuta. Miaka ile serikali ya mkoloni ilikuwa imetoa amri kila mwanamume apige matuta ya kuzuia maji mashambani, siku maalumu, wote pamoja, na mwanangwa, yaani mkuu wa kijiji, ndiye aliyesimamia. Asiyekwenda alitozwa faini. Wagonjwa tu ndio waliosamehewa. Watu waliichukia amri ile kuliko ndui, na hamwezi kuamini magonjwa yaliyoingia kijijini mwaka ule. Mimi mgeni sikujua lolote. Wenyeji wote walijua, isipokuwa wale ndugu waliookoka, ambao waliamini kila walichoambiwa.

Mzee Masanja alikuwa amelala kitandani nje ya nyumba yake, kivulini, mguu wa kulia umefungwa majani na vitambaa mpaka umekuwa kama mzinga wa nyuki, na mkono wake ulikuwa kwenye bakuli la michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga. Alipouona umati akaacha kutafuna. Tukamsalimu, akaitika kwa sauti ya mtu anayeaga dunia. Baba Leah akamweleza kwamba kijana huyu, ambaye hakuwahi kumwona wala kusikia habari zake, ameambiwa na Mungu juu ya mguu wake. Masanja akanitazama kwa hofu ya kweli. Nami nikarudi nyuma kidogo kumpisha mwinjilisti aombe, lakini Baba Leah akanisukuma mgongoni taratibu. Aliyesikia ndiye anayeomba.

Nikapiga magoti. Sikuwa nimewahi kumwombea mtu. Nilijua sala za kukariri tu, na kila niliyoikumbuka ilikuwa ya chakula. Basi nikaona nimweleze Mungu maoni yangu kwa unyofu, kama mtu na mtu, na maoni yangu yalikuwa kwamba mguu uliovimba kiasi kile na kufungwa majani machafu kiasi kile umeshaoza.

"Ee Bwana," nikasema kwa sauti, watu wote wamefumba macho, "mtu huyu anateseka. Kama hainuki leo, basi kesho asubuhi tutampakia kwenye lori tumpeleke hospitali ya mgodini. Nakuomba uishike mikono ya daktari, na msumeno wake uwe mkali, aukate mguu huu juu ya goti, ili mwili uliobaki upone."

Nilikuwa bado natafuta amina niliposikia kitanda kinalia. Nikafumbua macho. Mzee Masanja alikuwa amesimama. Hakusimama kama mgonjwa anayejaribu. Alikuwa wima kama nguzo, majani yanadondoka, na bakuli la michembe liko kifudifudi.

"Nimepona," akasema. Na ili pasiwe na mashaka akazunguka nyumba yake kwa mbio.

Mnaweza kufikiri kelele zilizofuata. Wimbo ukapasuka, wanawake wakapiga vigelegele, Baba Leah akanikumbatia huku machozi yanamtoka, na mimi katikati nimekauka, nikimtazama Masanja akija kwa mzunguko wa pili na kunitupia jicho ambalo halikuwa na shukrani hata chembe. Ningeweza kusema palepale. Lakini Baba Leah alikuwa ananiita mwanangu.

Asubuhi nikatoka nje kupiga mswaki nikamkuta mwanangwa mwenyewe amekaa kwenye gogo, kofia mapajani. Hakuwa mtu wa dini yoyote. "Mwangaluka, Bwana Msomi," akanisalimu kwa Kisukuma. Nikamwamkia. Akanieleza kwa heshima kubwa kwamba kijiji chake kina wagonjwa wengi, migongo, magoti, viuno, na mmoja anayesema haoni mchana, na kama ningekuwa na nafasi kabla ya siku ya matuta, yeye angenitembeza nyumba kwa nyumba. Alikuwa anafurahi kwa namna ambayo sikuielewa mpaka alipoongeza, "Na ile sala yako ya msumeno, usiipunguze neno."

Hapo ndipo akili yangu, ile niliyoiamini, ikafungua macho.

Sikwenda naye. Haikusaidia. Habari zilikuwa zimetangulia, na kila nilikopita siku ile watu walipona. Nilikatiza uani kwa mtu kuuliza njia ya kisimani, mwenye mgongo akaruka ua. Mwenye goti alipanda mti. Yule asiyeona mchana aliniona kutoka mbali kuliko wote. Jioni wanaume wakaja kwa Baba Leah wakiwa na Masanja mbele, wakasema maneno mazito: mkwe huyu amewavua nguo, na akioa hapa hakuna mtu wa kijiji hiki atakayekanyaga harusi, hakuna wa kuchinja wala wa kula. Baba Leah aliwasikiliza bila kuelewa kwa nini watu waliopona wanakasirika. Walipoondoka akanigeukia, na upole ulikuwepo lakini furaha ilikuwa imekwisha.

"Jumapili utasimama kanisani, utasema mambo yalivyokuwa. Nikishakusikia ndipo nitajua kama nina binti wa kukupa."

Sikulala vizuri. Nikisema uongo, nitaoa kwa uongo na kuwa mkwe wa kijiji cha Masanja. Nikisema kweli, mwinjilisti mbele ya kanisa zima atajua kwamba nilimfanyia Mungu wake mchezo. Nikaamua kusema kweli halafu nitembee moja kwa moja mpaka kwenye lori. Mfuko wangu niliuacha mlangoni mwa kanisa, tayari.

Kanisa lilijaa mpaka madirishani. Hata mwanangwa alikuja, amekaa benchi la nyuma. Nikasimama.

"Sikusikia kitu," nikasema. "Katika kimya kile sikusikia lolote. Nilibuni, kwa sababu namtaka Leah. Na mguu wa Mzee Masanja haukuponywa na maombi yangu. Hata sijui kama naamini maombi."

Nikageuka kwenda kuchukua mfuko.

Sasa, kuna jambo ambalo kwa elimu yangu yote sikulijua kuhusu ndugu wale. Kwao, mtu akisimama mbele za watu akataja ovu lake waziwazi, bila kujitetea, huyo ndiye ameokoka. Hawana dalili nyingine wanayoipenda zaidi. Wimbo ulinikuta kabla sijafika mlangoni. Wakanizunguka, wakanikumbatia mmoja baada ya mwingine, bibi mmoja akanibusu mkono, na kila nilipojaribu kueleza kwamba hawajanielewa, kwamba nimesema siamini, wakazidi kulia kwa furaha, maana unyofu wa namna ile hawajapata kuuona.

Na moto ukashika. Mzee Masanja akainuka, akavua kofia, akasema na yeye mguu wake haukuwahi kuuma. Wimbo. Akainuka mwenye mgongo. Wimbo. Mwenye goti, mwenye kiuno, wengine hata sikuwajua wana ugonjwa, wote wakasimama na kukumbatiwa, na walipokwisha kabisa, mwanangwa akanyanyuka kule nyuma, akawashukuru kwa heshima zote, akasema basi tuonane kesho shambani.

Nami nilikwenda, maana ningekwepaje, nilikuwa ndugu. Nilipewa jembe na sehemu yangu, kati ya Masanja na yule wa kiuno, na walinitania kutwa nzima. Mikono ilinivimba malengelenge, na wao, wagonjwa wale, wananiacha nyuma. Jua lilipokuwa kali Baba Leah akaja akalima pembeni yangu mpaka tuta zima likaisha. Nikashindwa kuvumilia. Nikamwuliza kama amemwuliza Mungu juu yangu.

"Tangu ulipotuma salamu za kwanza," akasema.

"Anasemaje?"

"Hajasema kitu." Akapiga jembe mara kadhaa. "Mara nyingi hasemi, mwanangu. Lakini hajasema hapana, na barua za Leah zimesema ndiyo mpaka mama yake amechoka kuzisikia. Mtume mshenga."

Nimekaa katika vimya vingi tangu siku ile, ukishaoa nyumba ile huvikwepi. Bado nahoji, bado jicho moja linachungulia. Zamu ikinifikia nasema sikusikia kitu, nanyamaza, na hakuna aliyewahi kunilaumu. Lakini nimejiapiza, na kiapo hiki sijakivunja: simwombei mgonjwa yeyote kabla sijainama sikioni mwake na kumwuliza, taratibu, wengine wasisikie, kama kweli anaumwa.