Nguruwe Mtoro wa Budondo

Kila mtu kijijini alijua nguruwe wale ni wa nani, na hilo ndilo lililomnyima usingizi Romano Obura. Wangekuwa nguruwe pori waliopanda kutoka kinamasi cha mto, watu wangemlaumu Mungu au serikali, kisha wakalala. Lakini jike yule mwekundu, mwenye sikio lililochanika, alizaliwa katika banda la Romano na kunenepa kwa makombo ya jiko la Romano. Usiku mvua ya mawe ilipoangusha banda hilo, aliingia kwenye miwa akiwa na mimba na hakurudi. Sasa alikuwa na wana, na wana wale hawakumjua binadamu ila kwa mwanga wa tochi na kelele.

Mchana walijificha kwenye miwa, ambayo huku Budondo, nje ya Jinja, imezunguka nyumba za watu kama maji yanavyozunguka kisiwa. Giza likiingia walitoka. Walifukua viazi, wakabwaga mahindi, na zaidi ya yote walikula muhogo wa Mubaraka, jirani wa Romano, kwa sababu shamba la Mubaraka liko katikati, kati ya miwa na nyumba ya Romano.

"Afande," Mubaraka aliita asubuhi moja kutoka upande wake wa uzio, "wafungwa wako wamekuja tena kula bila kupanga foleni."

"Wangapi?"

"Mimi si askari wa zamu. Njoo usome nyayo mwenyewe."

Romano alikwenda akasoma nyayo. Mashimo yalikuwa mapya, na mizizi iliyobaki ilikuwa imeng'atwa nusu na kuachwa. Akasimama pale, mikono nyuma, kama alivyosimama miaka yote kwenye ua wa gereza.

Ni mtu wa Lango, kaskazini mwa nchi, kutoka upande wa Aduku. Aliingia jeshi la magereza akiwa kijana mwembamba, akapelekwa Mbale, akakaa huko hadi nywele zikaanza kubadilika, kisha akahamishiwa Jinja na huko akastaafu. Alikuja Budondo kwa sababu marehemu mkewe, Santa, alipenda udongo wa hapa. Santa alisema kwamba mtu aliyelinda kuta maisha yake yote anahitaji mahali pasipo na ukuta. Walinunua kipande cha ardhi kwa baba yake Mubaraka, wakajenga, wakafuga. Miaka mitatu baadaye Santa aliugua, akafa, akazikwa nyuma ya nyumba, penye migomba.

Mwanzoni majirani walimwogopa. Kisoga, lugha ya hapa, hakukijua, na Kiswahili chake kilikuwa cha kambini, kimenyooka kama amri. Kwa wazee wa hapa lugha hiyo ilikuja zamani na bunduki, kwenye vizuizi vya barabarani, na kina mama wakimsikia waliwavuta watoto ndani. Mubaraka peke yake ndiye aliyemcheka. Yeye alijifunza Kiswahili madrasa, akakikomaza kwa kuuza nguo Busia, mpakani, na alisema kwamba Romano anaongea kama mtu anayepasua kuni. Santa alipofariki, Mubaraka, Mwislamu asiyekanyaga kanisani, ndiye aliyeshika jembe wa kwanza kuchimba kaburi. Tangu siku hiyo jioni zao zilikuwa za uzio mmoja: redio upande huu, birika la chai upande ule.

Ndiyo maana asubuhi ile, pale penye mashimo, Mubaraka aliyasema haya polepole, akiangalia chini.

"Bwana wa miwa amekuja tena. Anataka kukodi shamba lote apande miwa. Mimi nimekataa mara mbili, lakini Mastula amechoka. Kaka yake ana duka Nabuyonga, Mbale, na Bushira wetu anasoma kulekule. Anasema tunang'ang'ania nini hapa, kulima chakula cha nguruwe?"

"Na wewe unasema nini?"

"Nasema wakiingia tena kabla sijavuna, sina la kumjibu mke wangu."

Romano hakuhitaji kuambiwa maana yake. Miwa ikipandwa pale, nyumba yake itazibwa pande zote nne, na jioni hakutakuwa na mtu wa kumwita.

Jumamosi iliyofuata alimwita Tonny. Tonny ni Mgisu, anafanya kazi kwenye kinu cha kusaga mahindi katika eneo la viwanda la Mbale, na amerithi nyavu za baba yake aliyewinda kwenye miteremko ya Mlima Elgon. Mwisho wa juma huitwa huku na huko, popote nguruwe wanaposumbua mashamba. Alifika jua likizama, na wenzake wawili, mbwa wanne wenye kengele shingoni, na nyavu za katani zilizokunjwa kama mablanketi.

Mubaraka alitoa masharti yake mawili kabla mtu hajashika mkuki. Damu isimwagike kwenye shamba lake, na mzoga usipitishwe uani kwake.

"Na wewe mwenyewe, shehe, utakaa wapi?" Tonny aliuliza.

"Nitasimama mwanzo wa shamba, nipige debe. Debe halijakatazwa."

"Sasa ukipiga wakikujia?"

"Nitakimbia. Kukimbia pia hakujakatazwa."

Walicheka, wote isipokuwa Romano. Yeye alikuwa ameshachora ardhini kwa fimbo. Alipanga uwindaji ule kama walivyofundishwa chuoni kumzingira mfungwa aliyetorokea porini: wasukumaji upande wa juu, mbwa katikati, na nyavu zote upande wa chini, kuelekea kinamasi.

"Nyavu yote inaenda huku," alisema. "Mnyama akishtuka anakimbilia maji na giza."

Tonny aliutazama mchoro. "Na upande wa nyumba, afande? Tuache wazi?"

"Upande wa nyumba kuna taa, kuna watu. Nani atatoroka akimbilie kituo cha polisi?"

Tonny alisita, lakini afande ni afande. Nyavu zikatandazwa upande wa kinamasi, zikafungwa kwenye vigingi, na wenzake Tonny wakachuchumaa nyuma ya hizo nyavu na mikuki. Mwezi haukuwapo. Romano alisimama kwenye njia nyembamba kati ya muhogo na miwa, tochi imezimwa, akisikiliza. Kwa muda mrefu kulikuwa na vyura tu. Halafu muhogo mmoja ukatikisika pasipo upepo, na mwingine, na ikasikika sauti ya kutafuna, tulivu kabisa, kama ya watu wanaokula wakiwa wageni mahali.

Akapiga filimbi. Mubaraka akapiga debe. Mbwa wakafunguliwa, kengele zikatapakaa gizani, na shamba zima likachemka. Romano aliwasha tochi akaona mgongo mwekundu ukipita. Ulikwenda kinyume cha kengele, kinyume cha nyavu, moja kwa moja kuelekea taa. Jike alimpita Mubaraka, akaruka mfereji, akaingia uani kwa Mastula na wana wake wakimfuata kwa safu. Sufuria zilizoanikwa kwenye kichanja zikaanguka. Ndoo ya maji ikapinduka. Mmoja wa wana akasimama kuonja unga wa mtama uliolowekwa kwa uji wa asubuhi, pua yote ndani, kisha akawafuata wenzake. Wakati mbwa wanafika uani, nguruwe walikuwa wameshapotelea gizani upande wa pili.

Nyavu zilibaki zimesimama upande wa kinamasi, hazijaguswa.

Asubuhi Romano aliamka na kusikia sauti ya chombo kikisuguliwa. Mastula alikuwa amekaa uani kwenye kigoda na vyombo vyote vilivyoguswa vimepangwa mbele yake. Alikuwa akiviosha kama dini yake inavyoagiza kwa chombo kilichorambwa na nguruwe: mara saba, mara moja kati ya hizo kwa udongo. Hakuwa na hasira usoni. Alichukua sufuria, akapaka udongo, akasuuza, akamwaga, akarudia. Alipomaliza moja alichukua nyingine.

Romano alisogea hadi kwenye uzio. "Mama Bushira, samahani sana."

"Hakuna neno, afande. Sufuria zinaosheka." Akamwaga maji. "Nimempigia simu kaka yangu. Wiki ijayo atatuma gari lichukue vitanda."

Alisema hivyo tu. Mubaraka alikuwa kwenye kizingiti cha mlango, anavaa viatu, na hakuinua kichwa.

Romano alirudi kwake akakaa. Tonny alikuwa anakunja nyavu. Hakumwambia "nilikuambia," ingawa angeweza. Aliuliza tu kama aje tena Jumamosi ijayo.

"Ngoja," Romano alisema. "Kwanza tuone walipita wapi."

Wakafuata nyayo, hatua kwa hatua, kutoka uani kwa Mastula. Hazikuyumba hata kidogo. Zilivuka uzio penye pengo, zikapita kando ya migomba, zikafika mahali palipokuwa na banda la zamani, ambapo sasa palibaki vigingi viwili na sakafu ya saruji iliyoota majani. Pale zilizunguka. Jike alikuwa amezunguka sakafu ile mara nyingi, na penye kona palipokuwa na hori la chakula udongo ulikuwa umefukuliwa kwa pua. Ndipo mbwa walipomfikia akakimbilia kwenye miwa.

Romano alivua kofia.

"Tonny, mimi ni mjinga."

"Afande, sijasema kitu."

"Mbale, mfungwa akitoroka, vijana wapya walitumwa mlimani na mbwa. Sisi wa zamani, unajua tulienda wapi? Tulienda kwa mama yake. Tulikaa jikoni, tukala viazi, tukamngoja. Siku mbili, tatu, anakuja mwenyewe. Njaa inamleta, na hofu pia inamleta. Kila askari wa gereza anajua hiyo." Alielekeza fimbo kwenye saruji. "Huyu nilimwona amekaa porini, nikasema ni wa porini. Yeye bado anajua kwao."

Mchana huo walijenga banda upya juu ya sakafu ileile, kwa mabanzi mazito, na mlango wa kushuka unaoshikiliwa na kamba. Mbwa walifungwa mbali, kwenye kituo cha biashara. Nyavu hazikutandazwa. Romano alikwenda kwa mama mmoja anayepika malwa, pombe ya nafaka, akaomba machicha ya mtama, yale ambayo Santa alizoea kuwapa nguruwe wake, akayamimina kwenye hori. Kisha akamwomba Mubaraka jambo moja: usiku ule asipige debe wala asikohoe.

"Na taa?"

"Acha taa iwake. Santa aliacha taa."

Usiku wa kwanza hawakuja. Usiku wa pili walikuja wana peke yao, wakasimama mbali, wakaondoka. Mastula alikuwa ameshaanza kufunga nguo kwenye mashuka. Romano aliona vifurushi mlangoni alipopita kwenda kisimani.

Usiku wa tatu, alipokuwa ameketi kwenye kizingiti cha jiko na kamba mkononi, alifanya kitu ambacho hakuwa amekipanga. Alichukua beseni na upawa akagonga pole, mapigo matatu na kituo, mapigo matatu na kituo. Ndivyo Santa alivyowaita kula kila jioni. Hakuwa amegonga beseni lile tangu amzike. Alijiona mpumbavu, mzee mzima anagonga bati gizani, lakini aliendelea.

Jike alitokea upande wa migomba. Hakuwa tena yule mnono wa zamani. Mabega yalikuwa yamepanda, nywele za mgongoni zimesimama kama brashi. Alipita karibu na kaburi bila haraka, akasimama chini ya taa, akanusa. Kisha akaingia, kama mtu anayerudi kutoka sokoni, akatia pua kwenye hori. Wana walilia nje, wakasita, mmoja akaingia, wengine wakafuata kwa kusukumana. Mkuki wa Romano ulikuwa umeegemea ukuta karibu na goti lake. Hakuugusa. Aliachia kamba, mlango ukashuka.

Ndani kukawa na vurugu ya muda mfupi. Halafu kutafuna kukaendelea.

Tonny alifika kabla ya adhuhuri na pikapu ya rafiki yake. Wakawafunga miguu, wakawapakia, wakawafunika turubai. Gari likazunguka kwa njia ndefu ya kituo cha biashara ili lisipite mbele ya nyumba ya Mubaraka. Mfugaji mmoja wa upande wa Mbale, mwenye mabanda ya matofali, alikuwa amekubali kuwachukua wote. Romano aliinua turubai mara moja, akaangalia sikio lililochanika, akalishusha. Tonny aliuliza kama amwachie mwana mmoja wa kufuga.

"Hapana."

"Hata jike mdogo? Huyu mweupe ni mpole."

"Tonny, endesha gari."

Bwana wa miwa alikuja keshokutwa yake na pikipiki, na kamba ya kupimia begani. Romano alikuwa upande wake wa uzio anapigilia misumari kwenye banda tupu. Alipunguza nguvu za nyundo.

Aliwasikia wakisalimiana. Akasikia bwana wa miwa akisema trekta liko tayari. Kisha sauti ya Mastula ikatoka ndani, bila yeye mwenyewe kutoka.

"Mwambie muhogo bado haujakomaa."

"Mama, mlisema mnahama."

"Tulisema. Sasa tunangoja muhogo. Ukikomaa tutavuna, na tukivuna nitataka mbegu ya kupanda tena. Wewe unaona kuna nafasi ya miwa hapo?"

Mtu yule alibisha kidogo, kwa adabu, halafu pikipiki ikawaka na sauti yake ikapungua kuelekea barabarani. Mubaraka alikuja hadi kwenye uzio, akaegemea kigingi.

"Umesikia yote?"

"Nilikuwa kazini."

"Nyundo yako ilinyamaza, afande. Nilisikiliza." Akachungulia juu ya uzio. "Unatengeneza banda la nini, na nguruwe wameshaenda?"

"La kuku."

Mubaraka aliwaza, akavuta kidevu.

"Kuku sawa," alisema, akaenda kumwambia mkewe.