Mikono Miwili Ukutani

Shangazi yangu Nabalayo alianza kuogelea akiwa na miaka hamsini na tisa, kwa sababu ya goti. Daktari alimwambia aingie majini, akaingia, na mpaka leo hajatoka. Kabla ya hapo alikuwa mkunga Gilgil kwa miaka thelathini, na maji aliyoyajua ni ya ndoo.

Alijiunga na bwawa la hoteli moja mjini Nakuru. Majirani walisema mengi, hasa kuhusu lile vazi. Yeye akawaambia wanunue lao. Miaka minne baadaye kocha Kipkemoi, kijana mwenye subira kunishinda, akamwandikisha kwenye mashindano ya dunia ya waogeleaji wakongwe kule Doha, mita hamsini, mtindo wa chura.

Alirudi na karatasi ya matokeo. Mbele ya jina lake hapakuwa na muda, bali herufi tu za kusema ameondolewa. Katika mtindo huo sheria inataka mikono yote miwili iguse ukuta kwa pamoja. Shangazi aligusa kwa wa kulia, wa kushoto ukiwa umeshika kiwiko, vile vile tulivyofunzwa nyumbani kumsalimia mtu mzima. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Yeye hakucheka.

“Nilimeza maji yote hiyo,” akasema, “na karatasi inasema sikuogelea.”

Hapo nikaona haya. Alitaka kitu kimoja tu: muda wake, uandikwe mbele ya jina lake. Medali angewaachia wenye magoti mazima.

Kwa zaidi ya mwaka Kipkemoi alipiga kelele kando ya bwawa. “Mathe, mikono miwili!” Na kila alipofika ukutani, mkono wa kushoto ulikimbilia kiwiko. Adabu ya miaka sitini haiondolewi na filimbi. Siku moja uvumilivu ukaniishia.

“Senge,” nikamwita shangazi kwa lugha ya kwetu, “kwani mtoto ulikuwa unampokea na mkono moja?”

“Wacha ujinga. Si ataanguka?”

“Basi hiyo ukuta ni mtoto.”

Alinitazama sana. Akavaa miwani yake ya majini, akaenda mpaka upande wa pili, akarudi, na akaupokea ukuta kwa mikono miwili. Kipkemoi akaketi chini palepale kando ya bwawa, kwenye maji yaliyomwagika.

Tulienda naye Singapore, kwenye mashindano yaleyale ya dunia. Nilipata kiti cha mbele, karibu na mwisho wa njia yake. Wenzake saba walikuwa wameshamaliza, wengine wanaongea, wakati yeye bado ana mita kumi na tano. Sikujali hata kidogo. Nilikuwa natazama mikono tu. Ikatoka majini pamoja, ikagusa pamoja.

Tukangoja, maana Doha pia alikuwa amegusa akitabasamu. Kisha ubao ukawaka: Nabalayo, Kenya, nafasi ya nane, dakika moja na sekunde thelathini na nne. Nililia bila aibu, mtu mzima na ndevu zangu.

Msimamizi mmoja wa makamo akaja ukingoni kumwashiria atoke, kwa kuwa mbio nyingine zilikuwa zinasubiri.

“Boss, ngoja kidogo,” Shangazi akamwambia, akielekeza kidole kwenye ubao. “Bado nasoma.”

Yule bwana hakujua neno hata moja la Kiswahili. Akachuchumaa kando yake, wakasoma pamoja.