Shimo Lililosoma Baridi

Nina hasira za karibu, na nimezirithi kwa mjomba wangu. Watu wa Newala wanajua maana yake: kwetu mjomba ndiye mwenye wapwa, na neno lake halijibiwi. Sasa mjomba huyohuyo ndiye mpakia baruti kwenye machimbo ya kokoto, njia ya Masasi, na mimi mpwa wake ndiye mpima joto la mashimo yanayotiwa baruti, maana shimo la moto huilipua kabla ya wakati. Bila ruhusa yangu hapakii. Hapo ujue pana kazi.

Kipimo changu ni ndugu wa kile tulichoelekezewa kwenye paji la uso wakati wa korona. Kila chenye joto hutoa mwanga, hata ule usioonekana kwa macho, nacho kipimo huudaka na kukutajia joto. Nilifundishwa kwamba hata mlipuko wenyewe hupimwa hivyo huko maabara, kwa mwanga wake. Mimi napima kabla, usije ukamtokea mtu mkononi.

Mchana ule jiwe lilikuwa linaunguza soli. Nikapima mashimo, yote yakaja sawasawa isipokuwa moja lililosoma baridi. Mjomba akafurahi, akasema tuanze na hilo, akapiga goti na baruti yake. Mimi nikaingiwa na hofu. Mdomo wa shimo ulikuwa na unyevu, na kiangazi kile maji tulikuwa tukiyafuata bondeni. Nani ayamwage juu ya jiwe? Wanawake wanaoponda kokoto ndio huchoma jiwe kwa matawi ya mkorosho, kisha hulimwagia maji lipasuke. Na kipimo changu husoma mwanga wa ngozi ya jiwe tu, ndani hakioni kama bado kuna moto.

Nikamwambia asitie. Akaniuliza mbele ya vibarua tangu lini mpwa anamsimamisha mjomba, tena kipimo changu mwenyewe kimesema baridi. Nikaweka buti langu juu ya shimo.

"Mjomba, utanichapa baadaye. Hapa hupakii."

Nikaomba mshumaa wa mlinzi, nikaufunga kwenye waya, nikauteremsha mpaka chini. Tukasubiri. Mjomba akasonya na kutazama pembeni. Nilipovuta waya, ulipanda utambi mtupu unaodondosha nta.

Aliiweka baruti chini polepole, kwa mikono miwili, akarudi nyuma. Mimi nikawageukia wanawake waliokaa nje ya kamba ya tahadhari wakisubiri mawe, nikafoka: nani kaja kuchoma humu, mnataka kuua mtu? Wote wakainamisha vichwa. Aliyesimama alikuwa mama yangu.

Akaeleza kwamba jana jioni alichoma jiwe pale, karibu na shimo. Asubuhi aliposikia leo tunalipua, akaogopa wenzake watafukuzwa. Akamwaga ndoo yake ya maji na kufagia majivu. Hakuniangalia mimi hata kidogo. Alimwangalia kaka yake, ambaye bado alikuwa na vumbi gotini.

"Nilidhani limepoa, kaka," alisema. "Nimekaa hapa nakuangalia unapiga goti."

"Hata mimi nilidhani limepoa," mjomba akamjibu, akapangusa vumbi gotini.