Mafuta Yasiyoganda

Muuza mafuta ya nazi wa mtaa wa Wabera ana sauti ya chini na vidole vinavyong'aa. Kila chupa huipangusa polepole kabla ya kukukabidhi, na huapa kabla hujamuuliza. "Nakamua mwenyewe, dada yangu. Wallahi." Kaltuma, msusi wa jirani, huyanunua kuwapaka wateja, lakini roho yake haitulii. Madereva wanaotoka Kilifi wanasema nazi zimeadimika na bei imepanda kote, ila kwa muuzaji huyu bei haijasogea. Tena, hakuna aliyewahi kuona hata kifuu kimoja dukani mwake.

Asubuhi moja ya Julai, baridi ikiwa kali, Kaltuma alimkuta akijipaka mafuta mikononi. Mafuta halisi ya nazi huganda kwenye baridi kama ile, lakini mafuta ya chupa zote za kuuza yalikuwa majimaji. Ya chupa aliyoishika muuzaji yalikuwa yameganda meupe, akiyachokoa kwa kijiko, na harufu ya nazi imejaa duka. "Leo nipe hayo," Kaltuma akasema. Muuzaji akaifunga chupa taratibu, akaisukuma chini ya meza. "Hayo si ya kuuza, dada yangu. Ni ya watoto wangu."