Mbwa Asiyetaka Kukaribishwa

Aliyeniambia kwanza habari za mbwa huyu ni jirani yangu, Mama Asha, tukiwa kwenye foleni ya maji hapa Newala. Tangu wanunuzi binafsi wa korosho waruhusiwe kupita nyumba kwa nyumba, mbwa wake amewatimua wawili, na mmoja aliacha kiatu. Mumewe ameapa kwamba mbwa asipozoea kukaa kizimbani mchana, atapewa wawindaji wa kijiji cha Mnyambe.

Jioni nilikwenda kutazama. Mama Asha alikuwa akimsukuma mbwa kwa nyuma, naye ametanua miguu yote minne kwenye mlango wa kizimba kipya cha mbao.

"Ingia, baba," alimbembeleza. "Kuna ukoko humo."

Mama mkwe wake, aliyekuwa akibangua korosho barazani, alicheka.

"Tangu lini huyo akakaribishwa? Amezoea kufukuzwa kwenye viota vya kuku anakoiba mayai. Weka humo majani ya kiota, kisha mfukuze."

Mama Asha aliyaweka, akaacha mlango wazi, akapiga kelele, "Toka huko, mwizi wee!"

Mbwa alitazama kulia, akatazama kushoto, akajipenyeza ndani taratibu. Akajikunja juu ya majani, mkia ukipigapiga mbao.

"Mfukuze hivyo kila siku," alisema bibi. "Akishapapenda, ndipo ufunge mlango."

Nilirudi nyumbani nikiwaza ni wangapi tunaowabembeleza bure. Kesho yake asubuhi niliegemeza baiskeli ukutani, madumu matupu yamefungwa nyuma, nikamwambia mume wangu, ambaye kila siku nilimbembeleza bure akateke maji, huku nikitazama chini, "Baba Salumu, tafadhali, hii usiiguse."