Sabuni Iliyotoka Jasho

Harufu ya mawese yanayochemka hung'ang'ania nguo kuliko moshi. Nyumbani kwetu Butembo, upande wa Rughenda, harufu hiyo ndiyo iliyotuamsha, kwa kuwa mama alipika sabuni umande ukiwa bado majanini. Mawese yalitoka Beni katika madumu ya njano, yakafika yameganda kwa baridi ya huku juu, na mimi na dada yangu Kavira tuliyasogeza karibu na moto hadi yalegee. Maji ya soda kali, ile inayounguza ngozi, mama aliyamimina mwenyewe. Sisi tulikaa mbali. Alikoroga kwa mti mrefu, akajaza uji ule katika visanduku vya mbao, na ukishaganda akaukata vipande kwa waya.

Msimu ninaoukumbuka ni wa mvua. Sabuni ilianza kutoka jasho. Matone mazito yalijitokeza juu ya kila kipande. Ukiyafuta yanarudi, na hayakukauka hata karibu na jiko. Mnunuzi mkubwa wa mama alikuwa Mama Zaina, ambaye mume wake alikuwa na lori la kwenda Kirumba. Asipochukua yeye, moto wetu ungezimika. Asubuhi moja aliinua kipande kwa vidole viwili.

"Mama Kavira, hii sabuni inatoka jasho sawa mutu anasukuma chukudu ya mbao, yenye kujaa mizigo, ku mulima."

"Ni mvua, dada."

"Batu ba Kirumba habasemi mvua. Banasema unatiaka maji. Kama iko vile tena, mi sibebe."

Mama hakuwahi kutia maji ya kudanganya, na hilo lilimuuma kuliko kukataliwa. Jirani akamshauri aichemshe sabuni upya kwa maji ya chumvi. Alipofanya hivyo, sabuni ilipanda juu kama maziwa yaliyokatika, na chini yakabaki maji ya kahawia, mazito. Aliyamwaga kwenye mfereji, akatukataza kuyagusa kwa sababu ya soda. Sabuni iliyobaki iliganda ngumu na kavu. Mama Zaina aligonganisha vipande viwili, vikalia kama mbao.

"Sasa hii ni sabuni," akasema, akabeba yote.

Mvua zikakatika, upepo mkavu ukaanza, na Mama Zaina akarudi bila kelele. Alikaa kwenye kigoda, akafunua mikono yake. Viungo vya vidole vilikuwa vimepasuka.

"Tazama. Mi mwenyewe naoshaka na yako. Kule Kirumba, bamama ba kuosha viazi banasema inabakula mikono."

Mama akanyoosha yake. Nayo ilikuwa hivyo hivyo. Kisha akamwita Kavira, aliyekuwa akiosha sahani. Vipande vya jasho vilivyokataliwa msimu wa mvua, ambavyo havikuchemshwa kwa chumvi, tulikuwa tumevirundika jikoni, na Kavira ndiye aliyepewa kuvimaliza. Mama aliushika mkono wake, akauweka kando ya ule wa Mama Zaina. Ulikuwa laini, bila ufa hata mmoja.

"Donc, kumbe jasho ndiyo ilikuwa dawa," Mama Zaina akasema.

"Na nimeimwanga mu mufereji."

Walicheka hadi machozi. Mama akaacha chumvi. Msimu wa mvua uliofuata alifunga kila kipande kwa jani kavu la mgomba, ili hewa yenye unyevu isikifikie upesi, na huko Kirumba Mama Zaina akawaambia wanunuzi: "Inatoka jasho sababu inabatumikia ninyi."

Jina la jasho lile nililijua ukubwani: gliserini. Huzaliwa mafuta yanapokutana na soda. Ni nzito, tamu, haina rangi, na hupenda maji kiasi cha kuyavuta kutoka hewani. Ndiyo maana sabuni ililowa wakati wa mvua, na ndiyo maana ngozi hubaki na unyevu. Chumvi huitenga sabuni, ikaiacha gliserini katika maji ya chini.

Siku hizi naishi Beni, Mulekera. Dawa ya kikohozi ya watoto wangu inayo, dawa ya meno pia, na duka la dawa huiuza peke yake katika kichupa. Kila kiangazi nampelekea mama kimoja Butembo. Namkumbusha aloweshe mikono kwanza, kwa sababu gliserini ikipakwa peke yake kwenye hewa kavu huvuta maji ya ngozi yenyewe. Yeye hukiinamisha kichupa kwenye mwanga, akaitazama ikitambaa polepole.

"Banauzisha mufereji yetu," husema, kisha hunyoosha mikono iliyolowa nimpake.